Kadeti wa Chuo Kikuu Asizuiwe Kuifikiria Siasa

Nchi inayochagua viongozi wake kwa kura huhitaji jeshi lisilochagua upande katika kura hiyo, na hitaji hilo limewafanya wengi waamini kwamba mwanajeshi bora ni yule asiyeifikiria siasa hata kidogo. Imani hiyo ina nia njema, lakini ina kasoro kubwa, kwa kuwa inachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali: ushabiki wa chama, ambao ni kukipigania kikundi kimoja kishike dola, na uelewa wa siasa, ambao ni kujua jinsi mamlaka yanavyopatikana, yanavyogawanywa, yanavyowekewa mipaka na yanavyokabidhiwa kwa mwingine muda wake unapokwisha. Jambo la kwanza halimfai mwanajeshi, na sheria za nchi nyingi humkataza. Jambo la pili ofisa hawezi kulikosa bila kuwa hatari kwa raia wale wale anaoapa kuwalinda. Tofauti hiyo haifundishiki kwa amri ya siku moja, wala haiwezi kusubiri mpaka mtu afikie cheo cha jenerali, kwa sababu mtazamo wa ofisa juu ya dola na raia huanza kujengeka akiwa na miaka 18 hadi 22, umri ambao wenzake nao wanaanza kupiga kura, kujiunga na vyama na kubishana kuhusu mambo ya nchi.

Nchi moja iliyolijadili suala hili kwa muda mrefu, na wakati mwingine kwa kumwaga damu, ni Marekani, ambako sehemu kubwa ya maofisa wapya wa jeshi la nchi kavu hawatoki katika chuo maarufu cha kijeshi cha West Point, bali hutoka katika vyuo vikuu vya kiraia kupitia mpango uitwao Kikosi cha Mafunzo ya Maofisa wa Akiba, unaojulikana kwa kifupi cha ROTC. Kadeti wa mpango huo, yaani kijana anayefunzwa uofisa kabla ya kutunukiwa kamisheni, ni mwanafunzi wa historia, uhandisi, uuguzi au sayansi ya siasa kama walivyo wanafunzi wengine, ila ana deni la ziada kwa jeshi. Makala haya yanatetea hoja kwamba historia ya mpango huo, pamoja na makosa yake, inaonesha kuwa kadeti anapaswa kuachwa aisome siasa, aijadili na hata aipende akiwa chuoni, na kwamba mipaka anayowekewa iuguse ushabiki wake na sare yake, huku fikra zake zikibaki huru.

Ofisa anayesoma na raia

Wazo la kumfunza ofisa katikati ya raia ni la zamani kuliko mpango wenyewe. Mwaka 1819 Alden Partridge, aliyewahi kukiongoza chuo cha West Point, alianzisha katika mji wa Norwich, jimboni Vermont, chuo ambacho leo kinaitwa Norwich University, akiamini kwamba jamhuri changa ingekuwa salama zaidi ikilindwa na raia waliofunzwa uanajeshi kuliko ikikabidhi ulinzi wake kwa tabaka la maofisa waliotengwa na watu. Wamarekani wa wakati ule waliielewa vizuri hofu iliyozaa imani hiyo, kwa sababu miongoni mwa malalamiko waliyoyaandika dhidi ya mfalme wa Uingereza walipojitangazia uhuru mwaka 1776 lilikuwamo la kuwekewa majeshi ya kudumu wakati wa amani bila ridhaa ya mabunge yao. Jeshi la kudumu, yaani lile ambalo halivunjwi vita vinapokwisha, lilionekana kuwa chombo ambacho mtawala anaweza kukigeuza dhidi ya watu wake, hasa ikiwa maofisa wake hawana ndugu, marafiki wala kumbukumbu nje ya kambi.

Mwaka 1862, nchi ikiwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Morrill, ambayo iliyapa majimbo ardhi ya serikali kuu ili mapato yatokanayo nayo yaanzishe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi, na sheria hiyo ikatamka wazi kwamba mbinu za kijeshi ziwe miongoni mwa masomo. Hatimaye Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1916, iliyopitishwa katika utawala wa Rais Woodrow Wilson wakati Ulaya ikiteketea katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyakusanya mafunzo hayo yaliyotawanyika na kuyaweka chini ya utaratibu mmoja wa ROTC. Jeshi la majini likapata tawi lake mwaka 1926, na jeshi la anga likafuata baada ya Vita Kuu ya Pili. Faida ya kupata maofisa wengi kwa gharama nafuu ilikuwapo, lakini chini yake ilikaa hoja ya kisiasa: kwamba ofisa aliyekaa darasa moja na mtoto wa mkulima, wa fundi na wa mwenye duka atawaona raia kuwa watu wake, na kwamba raia aliyesoma na ofisa hataliona jeshi kuwa kitu kigeni. Mpango uliozaliwa na hoja ya kisiasa hauwezi kumdai kijana anayepita ndani yake aifumbie macho siasa.

Alfajiri uwanjani, adhuhuri darasani

Maisha ya kila siku ya kadeti yanaonesha jinsi dunia hizo mbili zinavyokutana ndani ya mtu mmoja. Siku kadhaa za juma huamka alfajiri kwa mazoezi ya viungo wakati wenzake wa bwenini wamelala, kisha huoga na kwenda kwenye mihadhara ya fani yake, ambako hapati alama za upendeleo kwa sababu ya uchovu. Katikati ya masomo hayo huhudhuria darasa la sayansi ya kijeshi, linalofundishwa na maofisa na masajini waliopangiwa kazi chuoni, na mara moja kwa juma hushiriki mafunzo ya vitendo ya uongozi, ambamo hujifunza kwata, kusoma ramani, kutoa amri inayoeleweka na kukiongoza kikosi kidogo cha wenzake. Baadhi ya siku za mwisho wa juma hulala porini kwa mafunzo ya medani. Kwa kawaida asiye na ufadhili hafungwi na wajibu wowote katika miaka miwili ya mwanzo, hivyo anaweza kujaribu na kuondoka, lakini anapoingia mwaka wa tatu hutia saini mkataba, na kiangazi kinachofuata hupelekwa Fort Knox, jimboni Kentucky, kwenye kambi ya kupima uwezo wake wa kuongoza. Akifaulu yote hayo hutunukiwa kamisheni ya Luteni Usu, cheo cha kwanza cha uofisa, karibu siku zilezile anapopokea shahada yake, na tangu hapo hudaiwa utumishi wa miaka minane, ambao hugawanywa kati ya kazi ya kudumu jeshini na jeshi la akiba.

Kilicho muhimu katika ratiba hiyo ni kwamba kadeti hawezi kuikwepa hoja inayompinga. Katika darasa la sayansi ya siasa hukaa karibu na mwanafunzi anayeamini kwamba fedha za silaha zingejenga hospitali, na mwingine ambaye wazazi wake walikimbia nchi iliyopigwa mabomu, na mbele yao husimama mhadhiri anayewadai wote watatu ushahidi wa kile wanachokisema. Siku anayovaa sare hupita mbele ya mabango ya kupinga vita ambavyo huenda yeye mwenyewe ataamriwa kwenda kupigana, na jioni hurudi bwenini kula chakula na walioyaandika. Kambi yenye geti na lindo haiwezi kumpa mafunzo hayo, kwa sababu kambini wote wanaomzunguka wamekwisha kukubali jambo la msingi ambalo raia wana haki ya kulihoji, nalo ni iwapo vita fulani ni vya haki na iwapo vinafaa kulipiwa.

Kanuni za Marekani, zikisomwa kwa makini, hazimtaki mwanajeshi awe bubu. Mwongozo wa Wizara ya Ulinzi wenye namba 1344.10, uliotolewa mwaka 2008, humruhusu hata askari aliye katika utumishi wa kila siku kupiga kura, kuchangia fedha kwa chama au mgombea, na kuhudhuria mkutano wa kisiasa kama mtazamaji asiyevaa sare, huku ukimkataza kuhutubia mkutano wa chama na kuongoza kampeni. Kadeti, ambaye kwa kawaida hahesabiwi kuwa mwanajeshi wa utumishi wa kila siku, ana uhuru mpana zaidi, lakini sare anayoivaa ina katazo lake: haivaliwi kwenye maandamano ya kisiasa wala kwenye jukwaa la kampeni, kwa sababu anayeiona hawezi kutenganisha maoni ya kijana aliyeivaa na msimamo wa jeshi zima. Sheria ya nidhamu ya kijeshi, katika kifungu chake cha 88, huongeza kwamba ofisa akimtukana rais, bunge au viongozi wengine waliotajwa humo ametenda kosa, na kadeti anapaswa kuizoea nidhamu hiyo kabla haijamfunga kisheria.

Juu ya kanuni hizo kuna kiapo. Ofisa wa Marekani anapotunukiwa kamisheni huapa kuiunga mkono na kuilinda Katiba dhidi ya maadui wa nje na wa ndani, na kiapo chake, tofauti na kile cha askari wa kawaida, hakina sentensi ya kuahidi kumtii rais. Tofauti hiyo haimfanyi ofisa kuwa mtu wa kuchagua amri za kutii na za kutupa, kwa kuwa sheria nyingine humwajibisha kutii amri halali. Hata hivyo, inamweka mbele ya wajibu wa kujua amri halali ni ipi, na hakuna awezaye kulijua hilo bila kuifahamu Katiba, na hakuna aifahamuye Katiba bila kuielewa siasa iliyoizaa na inayoendelea kubishaniwa kila siku mahakamani na bungeni.

Walipogombana chuo na kambi

Uhusiano huo wa chuo na kambi haukuwa wa amani wakati wote, na atakayeutetea bila kuyataja majeraha yake atakuwa amewadanganya wasomaji. Kwa miongo mingi vyuo vingi vya umma viliwalazimisha wanafunzi wa kiume kupata mafunzo ya kijeshi, na waliokataa kwa sababu ya imani ya dini hawakusikilizwa: mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Hamilton dhidi ya uongozi wa Chuo Kikuu cha California, iliamua kwamba chuo kilikuwa na mamlaka ya kumtaka mwanafunzi ahudhurie mafunzo hayo hata kama dhamiri yake inayakataa. Lilikuwa kosa la kimsingi, kwa sababu uzalendo unaopatikana kwa kumtishia mtu kumfukuza masomo humfundisha kijana kwamba dola ni bwana wake, wakati wazo la Partridge lilikuwa kwamba raia ndiye mwenye dola. Sheria ya mwaka 1964 iliyofufua mpango huo kwa kuanzisha ufadhili wa masomo ilisaidia kuuelekeza kwenye uhiari, lakini wakati huo vita vya Vietnam vilikuwa tayari vinapanuka.

Vita hivyo viliifanya ofisi ya ROTC kuwa sehemu ya serikali iliyokuwa karibu zaidi na mkono wa mwanafunzi mwenye hasira. Mwishoni mwa Aprili 1970 Rais Richard Nixon alitangaza kwamba majeshi ya Marekani yameingia Kambodia. Usiku wa tarehe 2 Mei jengo la ROTC katika Chuo Kikuu cha Kent State, jimboni Ohio, likateketezwa kwa moto, na tarehe 4 Mei Walinzi wa Taifa, ambao ni askari wa akiba walio chini ya gavana wa jimbo, waliwafyatulia risasi wanafunzi chuoni hapo, wakawaua wanne na kuwajeruhi tisa. Mmoja wa wanne waliouawa alikuwa kadeti wa ROTC. Ukweli huo unavunja dhana rahisi iliyowagawa watu wa wakati ule, ya kwamba upande mmoja walisimama wanafunzi na upande mwingine wanajeshi, kwa kuwa kijana huyo alikuwa yote mawili, na risasi haikuuliza alikuwa anaegemea wapi. Unaonesha pia kile kinachoweza kutokea pale raia wenye bunduki wanapoamriwa kukabiliana na raia wenzao bila kufunzwa vya kutosha mipaka ya nguvu ya dola.

Vyuo kadhaa vyenye hadhi kubwa vilijibu kwa kuufukuza mpango. Katika Harvard, wahadhiri walipiga kura mwaka 1969 kuyaondolea mafunzo hayo hadhi ya somo la chuo, na kufikia mwaka 1971 kikosi kilikuwa kimeondoka; Yale na Columbia nazo ziliachana na mpango huo katika kipindi hicho. Katika miaka ya baadaye sababu nyingine iliongezwa, nayo ni sheria iliyowazuia watu wa mapenzi ya jinsia moja kutumikia jeshi kwa uwazi, na ilipofutwa ndipo Harvard ilipokubali mwaka 2011 kukirejesha chuoni kikosi cha jeshi la majini. Kwa miaka ipatayo 40, basi, vyuo vilivyowalea mawaziri, majaji na wahariri wengi wa Marekani havikuwa na kadeti wao katika viwanja vyao, na waliotaka mafunzo hayo walilazimika kuyafuata vyuo vya jirani.

Hasira ya wapinga vita ilikuwa na msingi, na vita vya Vietnam vilistahili kupingwa, lakini dawa iliyochaguliwa haikuugusa ugonjwa. Vita havikuamuliwa na mkufunzi wa kwata wala na kadeti mwenye miaka 20. Viliamuliwa na marais na kuidhinishiwa fedha na bunge. Kumwondoa kadeti chuoni hakukupunguza hata vita vimoja, bali kulipunguza idadi ya maofisa waliozoea kuulizwa maswali magumu, na idadi ya viongozi wa kiraia waliomjua mwanajeshi kwa jina na si kwa picha ya televisheni. Pengo kati ya wanaoamua vita na wanaopigana ni hatari kwa pande zote mbili, kwa kuwa wa kwanza hujifunza kuamuru kwa wepesi na wa pili hujifunza kudharau.

Makadeti wawili waliofika kileleni

Wataalamu wa uhusiano kati ya raia na jeshi wamegawanyika katika suala hili kwa zaidi ya nusu karne. Samuel Huntington, katika kitabu alichokitoa mwaka 1957, alisema kwamba njia bora ya kulidhibiti jeshi ni kuliachia taaluma yake na kuliweka mbali na siasa, ili ofisa ajivunie ubingwa wake na kutii uamuzi wa raia bila kuuingilia. Morris Janowitz, aliyeandika miaka mitatu baadaye, aliona kwamba katika zama za silaha za nyuklia na vita vidogovidogo ofisa hawezi kutenganishwa na siasa kwa ukuta, kwa hiyo usalama wa raia unategemea ofisa anayeielewa jamii yake na kufungamana na maadili yake. Huntington alikuwa sahihi kuhusu ushabiki, na Janowitz alikuwa sahihi kuhusu uelewa, na maisha ya maofisa wawili waliotokea ROTC yanaonesha kwamba hoja zao zinahitajiana.

Wa kwanza ni Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, aliyeingia City College ya New York mwaka 1954 na kusoma jiolojia. Chuo hicho cha umma kilikuwa na sifa ya muda mrefu ya mijadala mikali ya siasa za mrengo wa kushoto, lakini kijana huyo alivutwa na ROTC, akatunukiwa kamisheni mwaka 1958, na mwaka 1989 akawa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, Mmarekani mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo. Alifanya kazi Ikulu na alijua siasa ya Washington kuliko wanasiasa wengi, ila alisubiri mpaka mwaka 1995, miaka miwili baada ya kustaafu, ndipo akatangaza chama chake. Kwa Powell, kuijua siasa na kujizuia kuishabikia vilikuwa sehemu mbili za nidhamu moja.

Wa pili ni Jenerali Mark Milley, aliyehitimu Princeton mwaka 1980 kupitia ROTC. Tarehe 1 Juni 2020, wakati wa maandamano yaliyofuatia kuuawa kwa George Floyd mikononi mwa polisi, waandamanaji walitawanywa kwa nguvu katika uwanja wa Lafayette ulio mbele ya Ikulu ya Marekani, na Milley, akiwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, alionekana katika gwanda la vita akiwa kwenye msafara wa Rais Donald Trump uliopita hapo. Siku kumi baadaye, akizungumza na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Ulinzi wa Taifa, alikiri hadharani kwamba hakupaswa kuwapo, kwa sababu kuwapo kwake kulijenga taswira ya jeshi kujiingiza katika siasa za ndani. Somo hapa ni kwamba hata baada ya miaka 40 ya utumishi mtu anaweza kuteleza, na kwamba kilichomwezesha kuliona kosa lake ni kuielewa maana ya kisiasa ya sare yake mbele ya macho ya raia. Ofisa asiyeijua siasa angepita katika uwanja huo bila kujua kwamba kuna chochote kilichotokea.

Pingamizi tatu

Hoja hii ina wapinzani makini, na wanastahili kujibiwa. Wapo wanaosema kwamba kuweka mafunzo ya kijeshi chuoni ni kukitia chuo utamaduni wa amri, mahali ambapo hoja ndiyo inayopaswa kutawala. Hatari hiyo ni ya kweli pale mafunzo yanapokuwa ya lazima, pale uongozi wa jeshi unapopewa usemi juu ya mihadhara ya kiraia, au pale kadeti anapotumiwa kuwapeleleza wenzake. Kwa hiyo masharti ya uhiari, ya wahadhiri kuamua alama na mitaala, na ya kuzuia upelelezi wa aina yoyote dhidi ya wanafunzi hayana budi kuandikwa na kulindwa.

Wapo pia wanaosema kwamba ufadhili huwanunua watoto wa maskini, ambao hutia saini mkataba kwa sababu ya ada kuliko kwa sababu ya wito. Pingamizi hili ni zito zaidi, na jibu lake la haki ni kwamba nchi inapaswa kuwa na njia nyingine za kumsomesha kijana maskini ili anayechagua jeshi awe amechagua kweli. Hadi hapo itakapokuwa hivyo, kumnyima kijana huyohuyo haki ya kuijadili siasa ni kumwongezea hasara, kwa maana yeye ndiye atakayetangulizwa mbele vita vikitangazwa.

Pingamizi la tatu, linalosikika zaidi barani Afrika, ni kwamba mwanajeshi akionjeshwa siasa ataitamani, na mwisho wake ni mapinduzi. Ukweli ni kwamba mapinduzi huota mizizi mahali ambapo ofisa amefundishwa kuwaona wanasiasa wote kuwa wala rushwa na raia wote kuwa wajinga, akajiona yeye pekee ndiye mzalendo, na dhana hiyo husitawi zaidi katika kambi iliyofungwa kuliko katika darasa ambamo kila dai hudaiwa ushahidi. Aliyejifunza kwa undani jinsi tawala za kijeshi zilivyoziacha nchi zao ana sababu nyingi zaidi za kuiheshimu Katiba kuliko aliyeambiwa tu kwamba mambo hayo hayamhusu.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Tanzania imelipitia suala hili kwa njia yake yenyewe. Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles ya Januari 1964, yaliyozimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza, serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilivunja jeshi hilo na kuunda Jeshi la Wananchi, ambalo askari wake walitarajiwa kuwa wanachama wa chama tawala, na makamisaa wa siasa wakawekwa vikosini. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), yakiwamo makato ya mishahara, na wapatao 400 wakafukuzwa masomo. Katika mfumo huo siasa haikukatazwa jeshini. Ilifundishwa, ila ilikuwa ya chama kimoja, na mwanafunzi aliyehoji utumishi huo alionekana msaliti.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 ilibidi mambo hayo yatenganishwe, na wanajeshi waliokuwa na nyadhifa za kisiasa wakatakiwa kuchagua. Jakaya Kikwete, mhitimu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyewahi kufundisha siasa katika chuo cha maofisa cha Monduli, alistaafu jeshi mwaka huo akiwa Luteni Kanali na kubaki katika siasa, hadi akawa Rais mwaka 2005. Ibara ya 147 ya Katiba ya Tanzania sasa inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, lakini papo hapo inamhifadhia haki ya kupiga kura, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 239, inavitaka vyombo vya usalama visifanye kazi kwa upendeleo wa kichama wala visiendeleze maslahi ya chama. Kenya ilikuwa na sababu zake za kuandika hivyo, baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, ambalo baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walijitokeza kulishangilia na ambalo lilisababisha chuo hicho kufungwa kwa zaidi ya mwaka.

Haki ya kura aliyoachiwa mwanajeshi wa Tanzania ni ushahidi kwamba walioandika ibara hiyo hawakukusudia kumfanya mtu asiye na mawazo, kwa kuwa hakuna anayepiga kura vizuri bila kupima sera na rekodi za wanaoomba kura yake. Kilichobaki ni kumfundisha hivyo. Leo kijana wa Monduli anaweza kupata shahada pamoja na kamisheni, na tangu mwaka 2013, JKT kwa mujibu wa sheria iliporejeshwa, wahitimu wengi wa kidato cha sita hupita kambini kabla ya kufika vyuoni. Mahali hapo pote panafaa kuwa na somo la Katiba linalofundishwa na wanasheria na wanahistoria wa kiraia, lenye kuyasoma maasi ya 1964, maandamano ya 1966 na jaribio la 1982 bila kuficha kosa la upande wowote. Panafaa pia kuwa na utaratibu wa kuwakutanisha maofisa wanafunzi na wanafunzi wa vyuo vya kiraia katika midahalo ya wazi, ambamo hakuna anayeadhibiwa kwa hoja aliyoitoa kwa heshima. Jambo la tatu ni kanuni iliyoandikwa kwa lugha nyepesi kuhusu sare na mitandao ya kijamii, kwa sababu katika zama hizi picha moja ya kijana aliyevaa gwanda akimsifu au kumkejeli mgombea husambaa haraka kuliko onyo lolote la mkuu wake.

Mambo hayo matatu hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji viongozi wa jeshi wasioogopa swali la kadeti, na wahadhiri wasioogopa sare yake. Siku ya uchaguzi wenye mvutano, wakati kila upande unadai umeshinda na amri zinaanza kushuka, usalama wa raia utategemea iwapo Luteni Usu aliye mbele ya kikosi anajua Katiba inasema nini, nani ana mamlaka ya kuamua, na wapi mamlaka hayo yanakomea. Anayetaka ofisa wa namna hiyo siku hiyo hana budi kumruhusu aanze kujifunza siasa mapema, akiwa bado kadeti, mbele ya wenzake watakaomkosoa.